Mto Mtupu katika Picha ya Mifupa

Habari hii ilimfikia Zainamu kwanza kwa kinywa cha Bi Msuo, mpishi wa nyumba ya Sultani Jaafari bin Mwinyihatibu, aliyeutawala mji wa Rasi Mawe kwa haki na kwa upweke mkubwa.

"Ile picha inasema, mwanangu," alisema Bi Msuo, akichambua mchele. "Na bwana wetu anaijibu."

Picha hiyo ilitoka Japani, ikatundikwa ukutani katika chumba cha bao, na wino wake ulikuwa na jini. Mifupa ya watu watatu ilikaa juu ya mito ikicheza kete, na mbweha mwenye joho la hariri akiimiminia chai iliyopita mbavuni na kumwagika chini, na mwamvuli wa jicho moja ukiicheka. Mto wa nne ulikuwa mtupu.

Zainamu alikuwa mjane, mshona mito, na tangu eda yake iishe hakuwa na wa kuzungumza naye ila mtoto wake asiyejua bado kusema. Alasiri hiyo aliitwa kushona mito ya chumba kile, na alipokuwa nyuma ya pazia, mtoto mapajani, sultani akaingia peke yake.

"Karibu, bwana," ilisema mifupa. "Huku njaa hakuna, maana matumbo tulishayaacha."

"Na ukinifunga sitakasirika," ikasema mifupa ya mtu wa pili. "Kichwa changu huanguka chenyewe."

Sultani akacheka. Katika Rasi Mawe ilikuwa desturi kwamba hakuna amfungaye sultani bao, na mawaziri waliacha mitaji yao mizuri, yaani nafasi za kumla kete, wakamsifu, naye alijua, na kwa kujua huko kila ushindi ulimwacha mpweke zaidi.

"Ninyi hamniogopi," alisema. "Kesho alfajiri nitakuja kuukalia mto ule, na sitarudi."

Zainamu alikuwa mwenye haya, na hata sokoni alinunua bila kuuliza bei, lakini sasa akatoka nyuma ya pazia, mtoto mkononi.

"Niwie radhi, bwana wangu. Ni Zainamu, mshona mito. Cheza nami kwanza."

"Ili uniachie nishinde?"

"Siwezi, bwana. Marehemu mume wangu alinifunza kufunga. Kushindwa kwa makusudi hakunifunza."

Akamlaza mtoto mkekani, wakaketi mbele ya bao.

"Bibi," mifupa ikaita, "mwanao akilia tutamwazima kidole atafune."

"Ahsante, ana chake," alijibu Zainamu bila kuinua macho.

Akala nyumba ya sultani, lile shimo lake kuu, na kete zote zilizokuwamo, na akaendelea, hata safu ya mbele ya sultani ikabaki tupu, na huko ndiko kufungwa. Mwamvuli ukafumba jicho.

"Umenifunga," alisema sultani.

"Ndiyo, bwana. Na ulicheza vibaya sana."

Sultani akacheka hata akafuta machozi, na haikujulikana machozi yale yalikuwa ya kucheka au ya miaka yote iliyopita.

"Kesho utacheza nami tena?"

"Si kesho unahamia ukutani?"

Sultani akaitazama picha. "Wangoje. Mto ule nitaukalia siku moja, nipende nisipende."

"Hilo kweli," ilisema mifupa. "Hatuna haraka."

Jioni ile Bi Msuo akaja kwa Zainamu na posa ya sultani, na hariri, na funguo za nyumba yenye kisima. Zainamu akaomba alale kwanza ndipo ajibu, akamlilia marehemu mume wake kidogo, kisha akawaza kwamba anayeambiwa ndiyo na watu wote hana mwenzake, na asiyeambiwa neno na mtu yeyote hana pia.

Asubuhi yake alimwogesha mtoto, akajitanda kanga safi, akampelekea Bi Msuo jawabu la kukubali, na kabla kadhi hajafika akaketi mbele ya sultani, akamfunga mara ya pili.