Punda Wajina wa Sultani

Palikuwa na Sultani mmoja, jina lake Zahoro, aliyejaliwa kila kitu ila akili ya kunyamaza. Siku moja mkalimani alikuwa akimsomea kamusi ya Kiingereza iliyosahauliwa na mgeni. Wakafika kwenye neno seti. Jua likizama, Waingereza husema seti. Kutega mtego, seti. Kuunga mfupa, seti. Kuandaa meza, seti, na vikombe sita juu ya meza hiyo, navyo ni seti. Mkalimani akafunua ukurasa wa pili, wa tatu. Neno halijaisha.

Sultani akanuna. "Kineno kidogo hivyo kina kazi nyingi kuliko mimi?"

Kesho yake mpiga mbiu akapita mitaani. Kila nyumba ichague kitu chake kimoja, kiitwe Zahoro, na jina likishatolewa halirudi. Mwisho Ijumaa. Nyumba itakayoshindwa itachukuliwa.

Jamani, mji ulivurugika. Mwiko ukawa zahoro, ufunguo zahoro, kabati zahoro, kikohozi zahoro. Mtu mmoja alimwambia mkewe, "Nipe zahoro nifungue zahoro nitoe zahoro." Mkewe akafunga nguo zake akarudi kwao.

Nyuma ya kasri alikaa Bi Mize, mfinyanzi, mjane. Hakuwa na pa kwenda. Kibanda chake ndicho kilichokuwa nyumba na kiwanda. Ijumaa akaja barazani, wa mwisho, anakokota punda. Mji mzima umejaa, Sultani mwenyewe kaualika.

"Kitu chako kiko wapi?" akauliza Sultani.

"Huyu hapa, Bwana. Tangu juzi anaitwa Zahoro."

Baraza zima likatazama dari.

"Umempa punda jina langu?"

"Nyumbani nina vyungu na punda, Bwana. Vyungu huvunjika."

"Mimi na punda tunafanana nini?"

"Hamfanani hata kidogo. Yeye hubeba mizigo ya watu."

"Kipe jina hilo kitu kingine."

"Ulisema jina likishatolewa halirudi. Na hata lingerudi, Bwana, vitu vya heshima wamevimaliza majirani. Kimebaki choo."

Sultani akapunga mkono. "Basi abaki nalo. Ondokeni."

"Tutaondokaje, na leo ndiyo mara yake ya kwanza kufika kwa wajina wake? Sheikh Kadhi, desturi yetu inasemaje?"

Kadhi akatamani ardhi impasukie. "Wajina akija mara ya kwanza hulishwa," akasema, "na kuvishwa."

"Nimvishe punda?" akauliza Sultani.

"Kanzu tu inatosha," akasema Bi Mize. "Kofia haitamkaa, masikio hayo."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajifanya anakohoa.

"Na wajina akifa, Sheikh? Maana huyu meno yamekwisha, sidhani kama mwezi huu ataumaliza."

"Wajina wake hukaa matanga," akasema Kadhi kwa sauti ndogo. "Siku tatu."

"Mkeka ninao, Bwana," Bi Mize akamgeukia Sultani. "Nitautandika palepale bandani mwake. Watu watakuja kukupa mkono wa pole, nawe utawaeleza marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Mavi nitayazoa mapema."

Sultani akalitazama baraza. Kila mtu ameng'ata midomo, mabega yanatikisika. Akajiona amekaa mkekani, anapokea pole za punda. Akasimama.

"Amri imefutwa. Kila kitu kirudi kwenye jina lake. Na wewe, kibanda chako ni chako, mbele ya Kadhi na watu wote hawa. Mwondoe mnyama huyo."

"Ahsante, Bwana. Mungu akuzidishie."

Alipofika mlangoni, Sultani akamwita. Kitu kilikuwa kinamkera.

"Sema kweli, Bi Mize. Huyo punda hukuwa ukimwita Zahoro hata kabla ya amri yangu?"

"La, Bwana. Kabla ya amri yako, punda wangu alikuwa na heshima zake."