Bangili ya Arobaini

Paukwa!

Pakawa ya upande huu nimeisikia. Nyie wa karibu na mlango bado mnatafuna mihogo. Mezeni kwanza. Paukwa tena! Haya, sasa imekuja. Palikuwa na nini? Palikuwa na mji, mji ukaitwa Vumbani, na ndani ya Vumbani palikuwa na mwanamke, na mwanamke huyo mimi nampenda hadi leo, msinicheke.

Hapo kale, kale ya kweli, aliishi Bi Kazija, mdarizi wa kofia. Mumewe alikwisha kufa, akamwachia binti mmoja wa miaka saba, Somoe. Kutwa sindano mkononi. Kofia ya kwanza ikiuzwa, wanakula. Kofia ya pili ikiuzwa, wanavaa. Kofia ya tatu ikiuzwa, Bi Kazija anajitanda kanga yake, huyo kwa sonara, ananunua bangili moja ya fedha, uzito ule ule kila mara, anaiweka chunguni.

Kwa nini fedha? Kwa sababu mtama huliwa na wadudu, nguo huliwa na nondo, na sarafu, jamani, huliwa na wageni. Bangili hukaa chunguni ikakungoja siku ya shida. Hakuzivaa hata mara moja.

Siku alipopata ya arobaini, alilia. Mnajua kwa nini? Vumbani kila mtu aliijua sheria: mwenye bangili arobaini za uzito ule, zikimkalia mwaka mzima, moja si yake tena. Ni zaka, haki ya wenye shida. Akiwa na thelathini na tisa, hadaiwi kitu. Na Bi Kazija alikulia zaka za watu. Uji wake wa utotoni ulikuwa zaka, na sanda ya mamake ilikuwa zaka. Sasa mwaka ukitimia, naye atatoa. Alizihesabu siku zile kama bibi harusi.

Zikabaki siku saba.

Nje ya mji palikuwa na chemchemi, na chemchemi ilikuwa na mwenyewe, jini jina lake Bahashi. Jini Mwislamu, tena wa kujionyesha: sala tano safu ya mbele, tasbihi inaburura chini. Siku hiyo watoto wawili walikunywa maji yake bila kupiga hodi: Somoe, na Shamte, mtoto wa jirani aliyeitwa Mize. Bahashi akawakamata, akawatia pangoni. Akapeleka neno mjini: kila mtoto akombolewe kwa bangili arobaini za fedha, siku ya saba, baada ya adhuhuri. Ikipungua hata moja, mtoto ni wake, hatatoka tena.

Bi Kazija akakimbilia chungu. Zipo, arobaini. Akashusha pumzi. Kisha akahesabu siku kwa vidole, na moyo ukampasuka. Siku ya saba ndiyo siku mwaka unatimia. Siku hiyo moja si yake.

Mize naye alikuwa hana kitu, maskini wa Mungu. Akauza mbuzi. Akauza kitanda. Akauza mlango wa nyumba yake, akaning'iniza gunia. Akapata thelathini na tisa. Akaenda nyumba ya kwanza ya wenye nacho, akaomba moja. Wakasema wao wanazo thelathini na tisa tu, hawajafikia kutoa. Akaenda ya pili: thelathini na tisa. Akaenda ya tatu: thelathini na tisa. Mji mzima ule, wenye mali wote waligota hapo hapo, ikipatikana ya arobaini wanaifanyia karamu, wanakula. Akarudi zake. Kwa Bi Kazija hakubisha hodi, maana alijua na mwenzake ana mtoto mle pangoni.

Siku ya nne, mjusi kafiri akachungulia kutoka ukutani kwa Bi Kazija. Akamwambia ampe wifi yake bangili moja leo, airudishe asubuhi ya siku ya saba. Mwaka utakuwa umekatika, zaka hakuna.

Bi Kazija akasema, "Mjusi, namcha Aonaye ndani ya chungu."

Siku ya tano, mjusi akatoka tena. Akamwambia azivae zote mikononi, kwani pambo la kuvaliwa halina zaka. Wanazuoni wamesema. Mjusi na wanazuoni, mmeyasikia hayo!

"Nisingezivaa ila kwa kuikimbia zaka. Mjusi, namcha Aonaye ndani ya chungu."

Siku ya sita akaja na sauti laini. "Bi Kazija, mwanao analia. Mlipe jini kwanza. Zaka utaitoa mwakani, Mungu anaijua shida yako."

Hapo, jamaa zangu, maneno yalimwingia Bi Kazija. Alikaa chini, akakikumbatia chungu, akalia mpaka kanga ikalowa. Alimtaka mwanawe. Mwisho akasema, kwa sauti ambayo hata mjusi aliisikia kwa taabu, "Mjusi, namcha Aonaye ndani ya chungu."

Asubuhi ya siku ya saba alikwenda kwa Mwalimu Msanifu, bibi aliyesomesha watoto Kurani chuoni. Akauliza, je, ile bangili ya zaka naweza kumkombolea Somoe?

Mwalimu akainamisha kichwa. "Hapana, mwanangu. Wako mwenyewe ni jukumu lako, zaka yako haimfikii. Lakini mateka wa mwenzio inamfikia."

Bi Kazija akatoka hapo moja kwa moja hadi kwa Mize, akainua lile gunia la mlangoni. Akamshika mkono, akamtilia bangili kiganjani. Mize akaisukuma, akasema na Somoe je? Bi Kazija akamjibu kwamba hii haikuwa ya Somoe, ilikuwa ya Mize tangu jua lilipotua jana, mwaka ukatimia. Wakashikana, wakalia, wakafuta macho, wakatwaa vyungu vyao wakaenda chemchemini.

Adhuhuri ikapita. Bahashi akatoka na mizani. Akamwaga za Mize kwenye kitanga, akahesabu: arobaini. Shamte akatoka pangoni mbio, akamwangukia mamake. Akahesabu za Bi Kazija mkononi: thelathini na tisa.

"Imepungua," jini akasema. Na mle pangoni Somoe akaita, "Mama."

Bi Kazija hakurudi nyuma. Akamwomba jini ruhusa ya kuuliza maswali manne, na jini, kwa kupenda kusifiwa, akakubali.

"Bwana Bahashi, unasali?"

"Nasali, tena safu ya mbele."

"Unafunga?"

"Nafunga Ramadhani, na siku sita za Shawali juu yake."

"Fedha iliyomo pangoni mwako, imekaa miaka mingapi?"

"Miaka mia saba," jini akasema kwa kiburi, "na bangili zake hazina idadi."

"Basi umeitolea zaka lini?"

Tasbihi ikamponyoka jini mkononi.

"Katika kila arobaini moja si yako," Bi Kazija akasema, "na mateka ni miongoni mwa wenye haki. Mimi sikuombi hisani. Naomba bangili moja unayodaiwa, nimtoe binti yangu."

Bahashi akang'aka, akauliza yeye ni nani wa kumdai zaka, na je, yeye mwenyewe ametoa?

Bi Kazija akanyoosha kidole kwenye mizani. "Nimetoa leo asubuhi. Imo humo mwako, katika arobaini za Mize."

Jini akaitazama mizani. Akamtazama yule mwanamke mfupi mwenye vidole vilivyotobolewa na sindano. Miaka mia saba hakuna aliyemwambia neno kama hilo, kwa kuwa hakuna aliyekuja kwake akiwa amekwisha kutoa. Akaingia pangoni kichwa chini, akatoka na bangili moja na Somoe kwa pamoja. Bangili akampa Bi Kazija, Bi Kazija akaiunganisha na zake, zikawa arobaini, akazitia kwenye mizani. Akamchukua mwanawe mgongoni.

Mtasema jini kaipokea tena ile ile. Ndiyo, kaipokea. Lakini ilitoka mkononi mwake kwanza, na kutoka huko kulimuuma kuliko kuchomwa moto.

Bi Kazija alirudi nyumbani hana hata bangili moja. Akakipangusa chungu, akashika sindano, na Somoe akalala amelaza kichwa kwenye paja lake. Wenye nacho wa Vumbani walimwona akipita, na tangu siku ile wengi waliacha kuila ile ya arobaini.

Mafunzo yake ni haya: weka akiba, usione haya, fedha haimchukizi Mungu. Ila ijue iliyo yako na iliyo ya mwenzio, na siku yake ikifika, itoe kwa mkono wako mwenyewe.

Na Bahashi? Yumo pangoni, anapiga hesabu ya zaka ya miaka mia saba. Kila akikaribia mwisho, mwaka mwingine unatimia. Ngano yangu nimeimwaga yote, aliyeokota ni yake. Na wewe unayeficha mihogo chini ya mkeka, imefika arobaini?