Mashudu ya Dhakwani

Inasimuliwa, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika mji mmoja wa Yemen aliishi mjane mcha Mungu, Bibi Umaima, aliyeachiwa na marehemu mumewe watoto wadogo na kinu cha kukamulia ufuta. Kinu alikuwa nacho, mnyama wa kukizungusha hana. Akashirikiana na Dhakwani, mtu wa swala na saumu, mwenye ngamia mmoja. Wakaafikiana mbele ya mashahidi: mafuta wagawane nusu kwa nusu, na mashudu yanayobaki yawe chakula cha ngamia, kama ilivyokuwa ada ya wakamuaji wa mji ule.

Mwanzoni Dhakwani alikamua mpaka mashudu yakatoka makavu. Kisha ikaja siku ya joto kali, ngamia akahema, naye akamfungua kabla ya wakati. Mashudu yakabaki na mafuta. Ngamia akala akamaliza, akalamba hata chombo, na Dhakwani akafurahi kumwona ameshiba. Kesho yake hapakuwa na joto, lakini akamfungua mapema vilevile. Shetani, ndugu zangu, hakumjia Dhakwani na pembe. Alimjia na huruma ya mnyama.

Ngamia akanawiri, nundu ikasimama. Mitungi ya mafuta ikawa haijai kama zamani. Asubuhi moja Bibi Umaima alipita kinuni, akamtazama yule ngamia, akasema kwa upole, "Mashaallah, ndugu yangu, ngamia wako amependeza. Mungu akuzidishie kwa uaminifu wako."

Dua ile ilimchoma kuliko matusi. Adhuhuri aliposimama kuswali, ulimi ulisoma, moyo ukabaki kinuni. Alijua kwamba akisema ataaibika mji mzima, ushirika utavunjika, na ngamia hana kazi nyingine. Hata hivyo alikwenda, akasimama mlangoni kwa mjane, macho chini.

"Bibi, unono wa ngamia wangu ni mafuta ya wanao mayatima. Nimekuwa nikikamua nusunusu. Chukua haki yako, na ukitaka, tafuta mshirika mwingine."

Bibi Umaima akalia. "Nilijua. Niliyaminya mashudu kwa vidole, mafuta yakanichuruzika. Nikakuchekea usoni, moyoni nikakuita mwizi. Hata dua ile ilikuwa kijembe, astaghfirullah. Nisamehe nawe."

Wakasameheana. Dhakwani akampelekea mafuta ya fungu lake mwenyewe mpaka dhima yake ikaisha. Wakawaita mashahidi, wakabadili sharti moja tu: mashudu nayo yagawanywe sawasawa, ili mafuta yakisalia ndani yake yasiwe faida ya mmoja, na ngamia alishwe kutoka mafungu yote mawili. Yasemwa ngamia alikonda kidogo, na Dhakwani kila alipompapasa mbavu alisema, "Alhamdulillahi."

Enyi waumini, wale wawili walikuwa watu wa ibada, na bado mmoja alidokoa na mwingine akaficha. Ukimwona mshirika wako ameteleza, mwambie yeye kabla hujamhukumu moyoni. Mola atujaalie ulimi wa kukiri, na atuepushe na dua zenye miiba ndani.