Nyuzi Zinazojikaza Zenyewe

Ndugu zangu, leo naomba mniruhusu niwaletee mtu mmoja. Ni fundi wa baiskeli. Jina lake siwatajii, maana nikilitaja mtaanza kugeukiana na kuulizana, "Ni yule wa pale stendi?" na mimi nitabaki nahubiria visogo. Tumwite Fundi, inatosha.

Fundi huyu alikuwa na mke mpiga gitaa. Ndiyo, mke. Nawaona akina baba mnaotabasamu, tabasamuni tu. Mama yule ndiye aliyeshika gitaa la kwaya kanisani kwao, na alipopiga, hata mzee wa kanisa aliyekuwa haonekani kucheka hadharani alikuwa anatikisa goti. Hakufundishwa na mtu. Alikuwa anausikiliza wimbo, ananyamaza kidogo, kisha vidole vinaufuata. Wanakwaya walimwita dada, na kwa hiyo mumewe, ambaye hakuwahi kuimba hata kwenye besi ya nyuma kabisa, kwaya nzima ilimwita shemeji.

Mama yule akaugua, akafa.

Wapo humu wanaojua nyumba inavyokuwa baada ya watu wa msiba kutawanyika. Turubai limeshushwa, masufuria ya kuazima yamerudishwa kwa wenyewe, na wewe umekaa unatazama kiti. Fundi alibaki na gitaa la mkewe lililotundikwa ukutani, na kaseti moja. Siku fulani wakati wa mazoezi mama alijirekodi akipiga na kuimba wimbo alioutunga mwenyewe, wimbo wa kushukuru mavuno. Ilikuwa hiyo moja tu. Sauti yake haikuwepo mahali pengine popote duniani.

Sasa kwao kuna desturi kwamba mwaka ukizunguka, ukoo na kanisa hukusanyika kaburini kuweka msalaba, na kwaya huimba. Fundi akaapa moyoni kwamba siku hiyo hataki mtu mwingine ashike gitaa lile. Atalipiga yeye, na atapiga wimbo ule ule. Mtu ambaye vidole vyake vilijua spana na gundi ya kuzibia tyubu.

Je, alimtafuta mwalimu? Hakumtafuta. Aliona haya, na tena aliona wivu. Alisema, "Mwalimu wangu ni yeye mwenyewe." Akatoa ile redio kaseti ya zamani, akaiweka mezani, akajifungia. Anabonyeza, anasikiliza kipande kifupi, anasimamisha, anatafuta sauti ile kwenye nyuzi. Akikosa, anarudisha nyuma. Akiipata, anairudia mpaka ncha za vidole zinawaka moto. Mliowahi kuudaka wimbo kwa sikio mnaijua furaha ile. Umehangaika na kipande tangu asubuhi, mara kidole kinaangukia mahali pake, na unajikuta unacheka peke yako chumbani kama mwehu. Fundi alicheka hivyo, na katika msiba wake hicho kilikuwa kicheko cha kwanza. Mungu alikuwa amemkumbuka, na ninalisema hilo bila wasiwasi wowote.

Lakini kulikuwa na jambo moja la ajabu. Kila alipokaa kupiga, alianza kwa kulinganisha nyuzi za gitaa na kaseti. Na mara nyingi alikuta gitaa limepanda. Si sana, kidogo tu. Kaseti iko chini, gitaa liko juu. Basi analegeza nyuzi mpaka zinakubaliana na sauti ya mkewe, anaendelea. Wiki inayofuata gitaa limepanda tena. Analegeza tena. "Nyuzi hizi zinajikaza zenyewe," alijiambia, na akaona ndivyo magitaa yalivyo.

Wapiga gitaa mlio humu mmeshashtuka. Naomba mnyamaze, msituharibie.

Miezi ikapita hivyo. Nyuzi zikalegea mpaka zikaanza kugonga ubao na kuvuma kama nzi kwenye kopo. Na wimbo nao ukabadilika. Fundi alianza kuusikia huzuni ambayo mwanzoni hakuwa ameisikia. Pale mwanzo wa kaseti, kabla ya kuimba, mkewe anasema maneno mawili matatu kwa wenzake, halafu kuna kitu kama pumzi. Fundi alirudia pale mara nyingi kuliko wimbo wenyewe. Alisikia sauti nzito ya mtu aliyechoka, kisha mguno mrefu, kama wa mtu aliyebeba mzigo na hana wa kumtua.

Akaanza kujiuliza. Kumbe mke wangu alikuwa na uchungu huu? Nimeishi naye miaka yote ile, mbona sikuuona? Nilimkosea nini? Usiku hakulala, mchana hakula vizuri. Mteja akimletea baiskeli anaishika tu, hajui hata anafungua nini. Jumapili kengele ikilia yuko na kaseti, anatafuta kwenye mguno ule kosa lake. Naomba mwelewe vizuri hapo. Mtu huyu alifiwa mara mbili. Mara ya kwanza alimpoteza mke, na mara ya pili alikuwa anaipoteza ndoa yenyewe, anaifuta kidogo kidogo, akiamini kwamba aliishi na mwanamke asiyekuwa na furaha kwa sababu yake.

Siku ya msalaba ikakaribia. Jumamosi moja mchana Fundi akajifunga gitaa mgongoni, akaenda mazoezini. Kwaya ilimpokea kwa vigelegele. Mama mmoja wa sauti ya pili, rafiki mkubwa wa marehemu, akampangusia kiti kwa khanga yake.

"Karibu shemeji. Tumekungoja."

"Nimekuja na wimbo wake," Fundi akasema. "Ninyi mwimbe, mimi nitapiga."

Mwalimu wa kwaya akainua mkono. Fundi akapiga, kwaya ikaingia, na ndugu zangu, lilikuwa jambo la kusikitisha. Waimbaji huku, gitaa kule. Wakaacha. Wakaanza upya. Kwaya ikaingia pale pale, na gitaa likabaki chini kule kule, zito, linavuma. Vijana wa besi wakaanza kutazama viatu vyao.

Fundi akaweka mkono juu ya nyuzi. "Mnaimba juu mno," akasema. "Sivyo alivyouimba."

Mama wa sauti ya pili akajibu kwa upole, "Shemeji, tunauimba pale pale alipotuachia."

"Alipowaachia?" Fundi akasimama. "Mimi ninaye kila siku nyumbani. Namsikia kwa masikio yangu. Ninyi mnaye wapi? Mmeufanya wimbo wake kuwa wa harusi. Mwenzenu alikuwa analia mle ndani, na hakuna hata mmoja wenu aliyemsikia."

Mwalimu wa kwaya hakubishana naye. Alilichukua gitaa taratibu, akagusa uzi mmoja, ukacheza kama kamba ya kuanikia nguo.

"Shemeji, nani amezilegeza hivi?"

"Mimi. Kila nikishika gitaa nakuta nyuzi zimejikaza, ndipo nazishusha zilingane na kaseti."

Mwalimu akamtazama. "Wewe ni fundi wa baiskeli. Katika maisha yako ya ufundi, umewahi kuona spoki inajikaza yenyewe?"

Fundi akaugusa uzi ule. Spoki hulegea. Kila siku ya Mungu watu wanamletea magurudumu yanayoyumba kwa sababu spoki zimelegea. Hakuna aliyewahi kuleta gurudumu ambalo spoki zake zimejikaza zenyewe barabarani. Jambo hilo alilijua kwa mikono yake, na bado kwa mwaka mzima alikuwa ameamini kinyume chake ndani ya chumba chake mwenyewe.

"Unayo hiyo kaseti?" mwalimu akauliza.

Alikuwa nayo mfukoni mwa shati, upande wa moyo. Alisita kuitoa. Alipoitoa, mwalimu akaitia kwenye mashine ya vipaza sauti ya kanisa, akabonyeza.

Ikatoka sauti ya mwanamke, nyembamba, ya haraka haraka, imejaa utani. "Haya tuanze. Besi, msilale." Halafu kicheko. Kile alichokisikia Fundi kama mguno wa mtu mwenye mzigo kilikuwa kicheko, ndugu zangu, kifupi, kile cha mtu anayejua kwamba vijana wa besi kweli wamesinzia. Vijana wenyewe wakacheka palepale, kisha wakaanza kulia, maana waliikumbuka siku ile.

Mmeshaelewa. Mle ndani ya redio kuna mpira mdogo unaozungusha kaseti, na mpira ule ulikuwa unachoka. Ukichoka, kaseti inakwenda polepole, na ikienda polepole sauti inashuka. Leo kidogo, kesho kidogo. Nyuzi hazikuwahi kupanda. Mashine ndiyo iliyokuwa inashuka, naye akishuka nayo, kwa uaminifu wote, kwa mapenzi yote, huku akijisifu moyoni kwamba analinda.

Fundi alikaa. Alikaa sakafuni, si kwenye kiti. Akasema kwa sauti ndogo, "Nilikuwa nimeisahau. Sauti yake ilikuwa nyembamba hivi, nami nilikuwa nimeisahau." Halafu akaanza kulia, na safari hii kilikuwa kilio cha raha. Kosa alilolitafuta mwaka mzima halikuwepo. Mke wake alikuwa mtu wa furaha. Aliishi naye akiwa mtu wa furaha.

Mwalimu akampa gitaa. Fundi mwenyewe akazikaza nyuzi, uzi mmoja baada ya mwingine, kwa hofu zisikatike, na mama wa sauti ya pili alimwimbia sauti moja moja mpaka zikafika. Kisha wakaanza. Alikosea. Pale pa kubadilisha vidole alichelewa, na kwaya ikaishikilia sauti ikamngoja, akafika, wakaendelea pamoja. Yeye aliyezoea kungojwa na mashine iliyosimamishwa kwa kidole, sasa alingojwa na watu. Alikosea tena, wakamngoja tena. Walipofika ubeti wa mwisho goti lake lilikuwa linatikisika, na wimbo ulikuwa wa furaha kama wa harusi kweli, kwa sababu ndivyo ulivyotungwa.

Najua mnataka niishie hapo. Niseme Amina, kwaya isimame, tuende tukanywe chai. Maana mafundisho yenyewe yanaonekana wazi, sivyo? Usijifungie, njoo ibadani, ukikaa peke yako utashuka na hutajua kwamba umeshuka. Na tayari umeshamkumbuka jirani yako fulani ambaye angepaswa kuwepo leo ayasikie haya.

Ngojeni kidogo. Wimbo ulipokwisha, Fundi aliinua kichwa akawatazama wanakwaya, akauliza swali moja. "Kwangu ni njiani, na nyote hupita pale mkija mazoezini. Mlikuwa mnanisikia nikipiga?"

Mama wa sauti ya pili akasema, "Tulikuwa tunakusikia, shemeji."

"Na mlisikia kwamba nashuka?"

Walisikia. Ni waimbaji, wana masikio, wangeachaje kusikia? Walipita dirishani pake Jumamosi baada ya Jumamosi, wakasikia wimbo wa dada yao unazama, wakaambiana, "Shemeji anajifariji, tusimsumbue." Waliona ni heshima. Sauti sahihi walikuwa nayo wao, vifuani mwao, wameipitisha mlangoni pake mwaka mzima wakiipeleka kanisani kuimbiana wenyewe kwa wenyewe.

Ndugu zangu, katika mfano huu sisi si Fundi. Fundi hayupo humu leo. Sisi ndio kwaya. Sisi ndio tunaosema "tumpe nafasi" pale tunapoona uvivu wa kubisha hodi. Sisi ndio tunaojua kwamba mtu fulani amebadilika sauti, amebadilika uso, tunalijadili vizuri sana tukiwa njiani, halafu tukifika hapa tunaimba kwa furaha. Na kuimba kwetu ni kuzuri, silikatai hilo, na Mungu anapenda tuimbe. Lakini aliyekufa ganzi mle chumbani alihitaji mtu mmoja tu aingie, akae, aseme, "Shemeji, hebu tuimbe wote," na ndani ya ubeti mmoja angeligundua mwenyewe. Nani angemlaumu? Nani angemcheka? Ingemgharimu kila mmoja wao soda moja ya baridi na nusu saa ya Jumamosi, na yule mtu angekuwa amelala usingizi.

Kila mmoja wenu sasa hivi ana jina kichwani. Nimeliona likipita usoni pako, usilifukuze. Leo sitaomba tusimame kuliombea. Mtatoka kwa mlango ule, na nyumba yake iko kabla ya kwako.