Friji Iliyokaa Eda

Kabla sijaanza, aliye karibu na swichi azime hiyo taa ya ukumbini. Jua lote hili liko nje, taa inamwangazia nani? Haya. Sasa nisikilizeni vizuri, maana mwisho nitawauliza, na sitaki mtu aniambie alikuwa amesinzia.

Ujiji, katika nyumba moja yenye ua wa mabati, waliishi wanawake watatu na kila mmoja alijaliwa chake. Bi Mgeni, mwenye nyumba, macho yalikuwa yamemchoka lakini masikio yalibaki makali. Aliwasikia dumuzi wakitafuna mahindi ndani ya gunia lililofungwa. Binti yake Tausi, aliyeachika akarudi kwao, alijaliwa ulimi. Angeweza kukunyima kitu, nawe ukaondoka unamshukuru. Sikudhani, mpangaji wa chumba cha uani, hakuwa ndugu wa mtu pale. Alikuwa msusi, na mtaa mzima haukuwa na nywele zilizovishinda vidole vyake.

Wa nne ndiye mwenye kisa. Siwema, mke wa Kasimu na mkwe wa Bi Mgeni, hakuwa na kipaji cha kutajwa. Yeye alikuwa na friji na mimba.

Friji yenyewe ilikuwa ya mtumba, aliinunua siku alipopokea upatu. Humo aligandisha barafu za ukwaju akawauzia watoto wa madrasa, na tangu aanze hakumwomba mumewe hata hela ya chumvi. Aliipenda ile friji, nami simlaumu. Ila ilikula umeme ajabu. Kasimu, fundi baiskeli, ndiye aliyekuwa akinunua umeme, na kila akinunua, baada ya siku chache luku, ile mita, inalia tena pale ukutani kwamba umeme unakwisha.

Ikamlilia akiwa na tonge mkononi. Akaliweka chini.

"Mke wangu," alisema, "mwezi ukiandama nitanunua umeme kama kawaida yangu. Luku ikilia kabla haujaandama mwingine, friji inakwenda kwa dalali."

Hakufoka, na hilo ndilo lililomtisha Siwema. Kasimu akifoka husahau, lakini akisema polepole hutenda.

Siwema aliingia jikoni akalia mpaka akachoka. Alipotoka, aliwakuta wale watatu wamekaa ukumbini wakijifanya hawakusikia. Akashika tumbo lake akasema, "Atakayeninusuria friji yangu, mtoto huyu akiwa wa kike, atakuwa somo wake."

Kuwa na somo si jambo dogo. Jina lako litaendelea kuitwa ndani ya nyumba hata wewe ukiwa umeshafukiwa. Bi Mgeni, ambaye wajukuu wake wote hadi siku hiyo walikuwa wa kiume, alijiweka sawa kwenye mkeka.

Mwezi ukaandama, Kasimu akanunua umeme wake, na kazi ikaanza.

Bi Mgeni alivuta kigoda akakaa kando ya friji na tasbihi yake, asubuhi mpaka adhuhuri, hataki kusemeshwa. Kisha akaita, "Siwema, mwanangu, njoo. Friji ya jirani naisikia nikiwa hapa. Inanguruma, halafu inanyamaza, inapumzika. Hii yako tangu nikae haijapumzika. Inahangaika kama mtu anayejaza ndoo iliyotoboka. Pana mahali baridi inatoka." Siwema aliona haya. Miaka yote alidhani friji ndivyo zilivyo, kazi yake kunguruma.

Sikudhani alinawa mikono, akapitisha vidole kuuzunguka mlango wa friji, taratibu, kama anayetafuta mstari kichwani. Chini pembeni akasimama. "Mpira umekakamaa, dada Siwema. Hapa haugusi kabisa." Siwema akasema basi ndiyo mwisho, mpira kama ule madukani haupatikani. Sikudhani akacheka. "Rasta zikikakamaa tunafanyaje? Si tunachovya maji ya moto?" Siku hiyo alikuwa na kichwa cha bi harusi cha kusuka, akamwambia bi harusi atafute msusi mwingine. Akachemsha maji, akawa anaukanda ule mpira kwa kitambaa cha moto na kuuvuta kidogo kidogo, mpaka ukalainika, ukakaa mahali pake. Vidole vilimtoka malengelenge. Baada ya muda friji ikanyamaza, na Siwema akashika kifua.

"Imekufa?"

"Imelala," alisema Bi Mgeni. "Mwache mwenzio apumzike."

Lakini friji ile haikuwa ya Siwema peke yake, ilikuwa ya mtaa. Huyu ameweka samaki wake wa migebuka, yule maziwa, na kila anayepita anaingia kunywa maji ya baridi, mlango wazi, anasalimia na kuulizia hali ya mimba. Friji ikarudi kunguruma. Siwema hakuweza kumkataza mtu, maana hao hao ndio watakaomkalia siku ya uchungu.

Hapo ndipo Tausi aliposimama. Aliosha mtungi, akaufukiza kwa ubani, akaujaza maji, akauweka barazani pamoja na kata. Kisha akakaa mlangoni. Wa kwanza kufika alikuwa jirani yao Mama Hidaya, na samaki wake kwenye mfuko.

"Shoga, hao leo wakaange," alisema Tausi. "Friji imekaa eda."

"Eda? Kwani imefiwa na nani?"

"Na luku. Haionwi na watu mpaka alasiri, na wewe najua una adabu zako. Kunywa maji hapo, yamefukizwa."

Mama Hidaya alicheka mpaka akashika ukuta. Akanywa, akasifu, akaenda kuyatangaza. Kuanzia siku hiyo watu walikuja alasiri tu, Siwema anapotoa barafu zake, mlango ukawa unafunguliwa mara moja tu kwa siku, kwa wote. Wapo waliomsema Tausi kwamba anafanyia mzaha mambo ya dini, na mwenyewe mwanamke aliyeachika. Maneno yale yalimuuma sana. Hata hivyo hakubanduka mlangoni.

Mwezi ukaisha. Magharibi ile watu wote walikuwa nje wanaangalia angani, isipokuwa Kasimu, aliyesimama chini ya luku akiwa ametega sikio. Siwema alisimama nyuma yake. Luku kimya. Huko nje watoto wakapiga kelele kwamba mwezi umeonekana. Kasimu akabonyeza mita, akatazama, akabonyeza tena kwa kuwa hakuamini. Umeme ulikuwa umebaki, tena wa kutosha.

Akaenda kwenye friji, akatoa barafu moja ya ukwaju, akaing'ata pembeni.

"Dalali akija," alisema, "mwambieni nimesafiri."

Siwema alipiga vigelegele na tumbo lake lile, Tausi akapokea, Sikudhani akapokea, na nyumba za jirani nazo zikapokea bila kuuliza. Furaha ya siku hiyo siwezi kuwapimia.

Mtoto akazaliwa. Wa kike.

Sasa leo ni akika. Shekhe amempakata mtoto, nywele zimeshanyolewa, anasubiri jina.

"Nisingesikia mimi, mngetengeneza nini?" anasema Bi Mgeni. "Mngekuwa bado mnailaumu luku."

"Kusikia hakubani mlango, bibi," anasema Sikudhani. "Wala mimi si ndugu yenu. Vidole vyangu niliviunguza kwa ajili ya nani?"

"Na mlango uliobanwa vizuri halafu unafunguliwa kutwa, umebana nini?" anasema Tausi. "Aliyetukanwa mtaani ni mimi."

Siwema anajaribu kupoza. "Basi apewe yote matatu."

"Mtoto haitwi kwa zamu," anasema Bi Mgeni.

"Tena wifi, wewe mwenyewe ulisema 'atakayeninusuria'," anasema Tausi. "Hukusema 'watakao'."

Kweli, alisema hivyo. Siwema anamtazama Kasimu, naye ghafla amekumbuka baiskeli ya mtu. Shekhe ameinamisha kichwa, Siwema amefungua mdomo, na jina ni moja tu: Mgeni, Tausi, au Sikudhani.

Je, wewe ungemwambia amtaje nani? Na huyo aliyeiwasha tena ile taa, aanze yeye kujibu.