Kwa Nini Mfinyanzi Hulia Gaeni

Sogeeni. Anayemenya karanga amenye polepole, maana kisa hiki sikipazii sauti.

Zamani wafinyanzi walikuwa watu wa kuonewa wivu wakati wa chakula. Hata mtemi alikula katika kibuyu, lakini mfinyanzi alikula katika chungu kizuri kuliko vyote kijijini, chungu alichojifinyangia mwenyewe. Ndiyo ilikuwa desturi yao. Alfajiri, kabla ya kusalimiana na mtu, mfinyanzi alinawa mikono, akakaa kimya na udongo wake, akafinyanga kitu ambacho hakuna aliyekiagiza. Siku nyingine kilitoka chungu. Siku nyingine hakikutoka kitu, akaurudisha udongo na kushukuru vilevile. Walisema saa ile Muumba huja kukaa karibu, kwa kuwa na yeye ni fundi wa udongo, na fundi hupenda kumtazama fundi mwenzake. Kazi za watu zilianza baada ya hapo.

Basi alikuwako Nyamizi, aliyefundishwa ufinyanzi na mama yake, bi Holo. Mikono ya Nyamizi, jamani! Siku moja mke mkuu wa mtemi alipita uani kwake akamkuta anakula. Akakitazama chungu, akasahau hata salamu.

"Hicho unacholia, nitengenezee kama hicho hicho."

Nyamizi akafurahi, nani hapendi kusifiwa? Akakitengeneza. Wake wengine wa mtemi nao wakataka, kisha dada zao, kisha wakwe zao, na wote walitaka kile kile, chenye shingo nene na mistari begani. Kazi za watu zikaanza kumkuta alfajiri. Bi Holo macho yalikuwa yameingia ukungu, lakini masikio yalikuwa mazima.

"Mbona asubuhi yote nasikia unaongea na wateja?" akamwuliza. "Chako umefinyanga saa ngapi?"

"Changu kesho, mama. Hawa wamengoja."

"Wamengoja. Haya."

Mzee yule hakuwa mgomvi. Laiti angekuwa mgomvi! Misimu ikapita, na kesho ya Nyamizi haikufika.

Kisha bi Holo akaugua ugonjwa wa kutoinuka. Alipoletewa uji akausukuma kando. "Nipe kwenye chungu chako, mwanangu. Kile cha alfajiri. Nikishike, nijue kuna kitu nimekuachia."

Nyamizi akatafuta nyumba nzima; chake cha zamani kilikwisha kwenda na mteja. Vyungu vilijaa hadi mlangoni, na kila kimoja kilikuwa na mwenyewe. Akanawa mikono, akakaa na udongo. Mikono ikafinyanga shingo nene na mistari begani. Akakibomoa, akaanza upya. Shingo nene, mistari begani. Akalia pale chini kama mtoto. Mwisho, kwa kujilazimisha, kikatoka kibakuli kilichopinda upande mmoja, lakini kilikuwa chake. Sasa, hata mtoto wa mfinyanzi anajua kwamba udongo mbichi haupelekwi motoni. Huanikwa kivulini mpaka ukauke wenyewe. Lakini mgonjwa angengojaje? Nyamizi akakitia motoni kikiwa kibichi, kikapasuka.

Akaokota gae kubwa, akaliacha lipoe, akamimina uji kidogo, akampelekea mama yake. Bi Holo akapapasa ukingo kwa vidole mpaka alipofika penye mvunjiko. Kisha akanywa.

"Uji mtamu," akasema.

La chungu hakulisema. Kabla jua halijazama alikuwa amekwisha kufa.

Nyamizi hakula tena katika chombo kingine ila gae lile. Kila alfajiri alinawa mikono akakaa na udongo, na kila alfajiri ilikuwa shingo nene na mistari begani, mpaka akazeeka. Huruma ilinishika mara ya kwanza niliposimuliwa hili, na mpaka leo haijaniachia. Wafinyanzi wenzake, ambao nao walikuwa wameanza kusema kesho, walimwona wakaingiwa na haya. Wakaviweka kando vyungu vyao vizuri.

Na tangu siku hiyo mfinyanzi hulia gaeni. Wapitao humcheka, husema ni ubahili, ati anabana vyungu ilhali anavifinyanga mwenyewe. Ingieni uani kwake mtazame. Vyungu vimepangwa hadi ukutani, vizuri ajabu, na vyote ni vya watu.