Waziri Aliyeshuka Kwao kwa Ndege

Jumamosi, tarehe saba Machi, saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, ndege ya serikali iliruka ikiwa imembeba waziri mmoja mwanamke. Safari ilitajwa kuwa ya kikazi: anakwenda kukagua josho jipya la ng'ombe. Na josho lilikuwepo kweli, wapendwa, hakudanganya. Lakini lilikuwa kijijini kwao, na moyoni alikuwa na safari nyingine. Mama yake mkubwa, aliyemlea tangu akinyonya, alisemekana anakonda. Kila akimpigia simu, jibu ni moja: mimi mzima. Akataka amwone kwa macho yake, na kama ni ugonjwa, awahi kumpeleka kutibiwa.

Huko juu akachungulia dirishani, akaiona mbuga ya udongo mweusi, na utoto ukamjia wote. Zamani mawaziri walifika kwao kwa Landrova, na masika hakuna Landrova iliyoivuka mbuga ile bila kunasa. Kijiji kizima kilitoka kusukuma, wanawake wakiimba, matairi yakirusha tope bila kuchagua, na waziri mwenyewe suruali kaikunja, anasukuma nao. Baadaye, kwa desturi, alikaa uani kwa mama mkubwa, maana ndiyo nyumba ya kwanza ukishatoka mbugani. Shati linaanikwa, mgeni anakula ugali na mlenda akiwa na fulana. Hapo aliambiwa kila kitu: kisima kimekauka, mganga wa zahanati mlevi, mbegu zimekuja mvua imekwisha.

"Kula, baba," mama mkubwa alikuwa akimtania. "Mwenye kunasa hana cheo."

Na mtu uliyemsukuma kwenye tope, utamwogopaje?

Ndege ikatua kwenye uwanja wa nyasi. Wanafunzi wamepangwa mstari, kwaya inaimba, mtendaji wa kijiji amevaa suti aliyofungia ndoa. Na pale mbele, kwenye kiti cha plastiki, ameketishwa mama mkubwa. Walikuwa wamemfunga vitenge viwili, kimoja juu ya kingine, asionekane alivyokwisha. Tangu juzi mtendaji alipita nyumba hadi nyumba akiwausia watu kwamba mgeni anayeshuka kwa ndege haambiwi mabaya. Mabaya ni aibu ya kijiji.

Waziri alipomkaribia, mama mkubwa alijikongoja, akasimama. Mzee akamsimamia kwa heshima mtoto aliyembeba mgongoni.

"Mama, keti. Unaumwa wapi?"

"Sisi hatujambo, Mheshimiwa. Tunaishukuru serikali."

Watu wakapiga makofi.

Akainama kumuuliza tena, taratibu. Akajibiwa vilevile, na macho ya yule mama yalikuwa kwa mtendaji. Waziri akapelekwa kwenye josho, akazungushwa kijijini hadi alasiri, akahutubia. Akiwa bado na kipaza sauti mkononi, rubani akaja kumnong'oneza kwamba uwanja hauna taa na jua linashuka.

Msimhukumu haraka, ndugu zangu. Sisemi ndege ni dhambi. Nchi hii ni kubwa, na kazi nyingine hazingoji barabara. Lakini alisafiri akitafuta neno moja la kweli, na chombo kilichomfikisha ndicho kilichomfungia neno hilo. Na sisi? Sisi hatuna ndege, ila kushuka tunashuka. Unakwenda kwa wazazi Desemba kwa Desemba, gari linanguruma mlangoni, simu sikioni, unauliza "hamjambo?" ukiwa umesimama. Wakujibu nini? Wewe baba, ukirudi nyumbani watoto wanakusimulia habari zao, au wanakaa sawa kwenye makochi kama wanaokaguliwa? Sisi wazee wa kanisa, ni lini mara ya mwisho mjane alitueleza yaliyomsibu bila kwanza kututandikia kitambaa cha meza? Bwana wetu alipotaka kujua panapotuuma hakupita juu yetu. Alikuja kwa miguu, akachoka, akaketi kisimani kuomba maji.

Sasa mnataka kujua yule waziri alifanyaje. Alimwambia rubani aondoke na wasaidizi wote; yeye atarudi kwa basi. Mtendaji akababaika, akasema Mheshimiwa, hatujaandaa pa kulala. Akamjibu kwamba atalala na mama yake. Jioni ile mama mkubwa alizidi kumwita Mheshimiwa, hata gizani, wakiwa wamelala kitanda kimoja.

Kesho yake asubuhi waziri aliazima khanga kwa jirani, akaingia chumbani bila viatu, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Umelalaje?"

Mama mkubwa alimtazama sana.

"Sikulala, mwanangu. Hapa, chini ya ubavu. Panawaka moto tangu Krismasi."

 Waziri aliusogeza mkono wake, akauweka pale alipoonyeshwa.